Sarabanda ya Bach: Noti Zote Nazipata, Mbona Haina Hisia?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani, sasa hivi najifunza piano kwa noti na nimepewa Sarabanda ya mtunzi Mjerumani Bach, ile ya Suti ya Kiingereza (mkusanyiko wa vipande vya dansi) namba 3 ya G maina. Noti nazipata, metronomu (kile kifaa cha kuhesabia mapigo) naifuata, lakini naambiwa napiga kama mashine. Nikanyage zaidi pedali, ile ya kurefusha sauti?

JIBU: Pedali iache kwanza ndugu yangu, anza na besi. Ile G ya chini mwanzoni inashikiliwa baa kadhaa (vile vipimo vya mapigo kwenye noti) bila kuhama huku juu yake kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinabadilika, na F shapu ikiingia inasuguana na hiyo G mpaka sikio linatamani patulie. Hisia iko hapo hapo, Bach ameshaiweka ndani ya kodi, wewe unatakiwa uisikie na uipe muda wake. Mwanae Carl Philipp Emanuel kwenye kitabu chake cha upigaji kinanda cha 1753 anasema kwa kawaida kodi zinazosuguana zipigwe kwa nguvu kuliko zilizotulia, kwahiyo egemea kwenye msuguano alafu ukifika panapotulia legeza mkono kabisa.

Kingine ni pigo la pili. Sarabanda ni dansi ya 3/4, yaani mapigo matatu kila baa, Hispania iliwahi kupigwa marufuku 1583 kwa kuonekana haina adabu, ilipofika Ufaransa ikapoa ikawa ya taratibu, na uzito wake mara nyingi unakaa pigo la pili. Ukisisitiza la kwanza kila baa kama unaongoza pambio, umeshaiua.

Na kumbuka hapsikodi, kinanda cha enzi za Bach, inadonoa nyuzi, ubonyeze kwa nguvu au taratibu sauti ni karibu ileile, ndo maana wapigaji wake hisia wanaitafuta kwenye muda: wanachelewesha noti kidogo, wanaimwaga kodi noti moja moja kutoka chini, na ile G ikififia wanaigonga tena. Kwenye piano jaribu hivyo hivyo kabla hujafikiria pedali.

Yale mapambo (noti ndogondogo za kuremba wimbo) aliyoyaandika Bach mwenyewe kama toleo la pili la Sarabanda hii ni matamu sana, wengi huyapiga kwenye marudio, ila wewe bado. Zima metronomu, piga kodi tupu, sauti ya juu iimbe kwa mdomo, na unapojikuta unavuta pumzi weka alama ya penseli. Baa nane za kwanza zikikaa sawa tuandikie tena tuongee mapambo.