Dada, usiiguse hiyo karatasi ya Ijumaa

Nimesoma swali lako nikiwa maegeshoni kazini, nimebakiza dakika kumi niingie zamu ya usiku, na mwili umenisisimka. Umegongwa kwa nyuma kwenye barabara kuu ya I-94, kijana aliyekugonga ana bima ya kiwango cha chini kabisa hapa Minnesota, dola 30,000, kampuni yake imekubali kuzitoa zote, imekutumia karatasi kwa imeili ubonyeze sahihi kabla ya Ijumaa, na unauliza kuna haja gani ya kumpa wakili theluthi ya pesa ambazo tayari ziko mezani. Halafu kuna la gari na la bima yako kupanda.

USIBONYEZE. Hayo mengine yatasubiri.

Mimi nilibonyeza. Februari 2019, theluji, I-694, jamaa mmoja na pikapu lake akanisukuma hadi kwenye ukingo wa barabara. Bega la kulia likachanika msuli, ingawa wakati huo tuliliita "maumivu ya kawaida". Bima yake ilikuwa hiyohiyo 30,000. Adjasta wao, yaani mfanyakazi wa bima anayeshughulikia madai, alikuwa mama mwenye sauti ya asali, ananiuliza hali ya watoto, ananiambia pole kuliko hata ndugu zangu. Akasema, "Tunakupa zote, hatuna nyingine, ukichelewa faili itarudi kwa wakubwa." Jioni hiyo nilikuwa jikoni nasonga ugali. Simu ikalia, nikafungua kiungo, nikaandika jina kwa kidole chenye unga. Ikatokea tiki ya kijani na neno la shukrani. Nikamwambia mke wangu tumemaliza. Kweli tulikuwa tumemaliza.

Miezi miwili baadaye daktari akaangalia picha za MRI akasema lazima upasuaji. Zile dola 20,000 za matibabu ambazo bima yako mwenyewe hulipa hapa jimboni bila kujali nani mwenye kosa zilikuwa zinakaribia kuisha. Ndipo nikatoa karatasi ya bima yangu kwenye droo, mara ya kwanza kuisoma tangu niinunue, nikakuta herufi tatu: UIM, 100,000 kwa mtu mmoja. Hicho ndicho kipengele kinacholipa pale bima ya aliyekugonga inapokuwa ndogo kuliko madhara uliyopata. Na hapa Minnesota kinaanzia pale bima yake inapoishia, yaani juu ya zile 30,000. Nilikuwa nakilipia kila mwezi, miaka minne, bila kujua. Nikapiga simu kampuni yangu kifua mbele.

Barua ikaja, ukurasa mmoja. Madai yamekataliwa, kwa sababu nilimsamehe aliyenigonga bila kuwapa wao taarifa.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hili hakuna aliyenieleza. Kampuni yako ikikulipa UIM, inabaki na haki ya kumfuata aliyekugonga irudishiwe pesa zake. Ile karatasi ya Ijumaa inasema unamwachilia yeye, warithi wake na kila anayehusiana naye, milele. Ukishaitia sahihi, umeua haki ya kampuni yako pamoja na yako. Kwa hiyo kuna utaratibu, mawakili wa hapa wanauita notisi ya Schmidt-Clothier, kutokana na kesi ya Mahakama ya Juu ya Minnesota ya mwaka 1983. Unaiandikia kampuni yako, KWA MAANDISHI, kwamba fulani alinigonga, bima yake ni kampuni fulani, kikomo chake ni kiasi fulani, na tumekubaliana kumaliza kwa kiasi fulani. Kisha unaipa siku 30. Ndani ya siku hizo inamchunguza yule mtu. Ikiona hana kitu, inakuacha umalizane naye. Ikiona ana mali, inakuandikia yenyewe hundi ya kiasi kilekile, wewe hutii sahihi ya kumsamehe, na yeye wanabaki naye. Njia zote mbili 30,000 zako unapata, na mlango wa UIM unabaki wazi.

Umeona Ijumaa inavyokuharakisha? Siku 30 haziingii ndani ya Ijumaa.

Usipotoa hiyo notisi, mahakama inachukulia kwamba umeiumiza kampuni yako, na ni wewe wa kuthibitisha vinginevyo. Mtu hujitetea kwa kuonyesha aliyemgonga alikuwa fukara, hakuna ambacho kampuni ingepata kwake. Bahati yangu sasa: wangu alikuwa na gereji na nyumba mbili za kupangisha. Katika watu wote wa kunigonga nikagongwa na tajiri mwenye bima ya maskini.

"Lakini nilipiga simu!" Ndiyo, nilipiga. Siku mbili kabla ya kubonyeza nilimwambia ajenti wangu kwamba wale wengine wanalipa. Akasema "vizuri sana, hongera". Hongera! Mtu ninayemlipa kila mwezi ananisikia natembea kuelekea shimoni, ananipungia mkono. Nilipomrudia akasema yeye huuza bima tu, madai ni idara nyingine. Na simu si maandishi.

Aliyeniumiza zaidi, lakini, ni shemeji mmoja, jina namsitiri kwa ajili ya amani ya nyumba yangu. Huyu ndiye wakili wetu wa kila harusi na kila matanga hapa Brooklyn Park. Alishinda tiketi moja ya kuegesha gari mwaka gani sijui, tangu hapo ni jaji. Akaniambia, "Wakili atakula elfu kumi kwa kuandika barua moja. Wewe si mtoto, malizana nao mwenyewe." Nikaona ana akili. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, tangu zamani.

Basi piga hesabu. Nilikwepa kulipa 10,000 nikafunga mlango wa hadi 100,000. Sisemi ningepata zote. Wakili mmoja niliyemwona baadaye alikadiria, bila kuniahidi, kwamba bega lile, upasuaji na miezi mitano bila kuinua wazee kazini vingeweza kufika 60,000 hivi za UIM. Nilipata sifuri. Mnaotaka kucheka chekeni, mke wangu amewatangulia na bado hajamaliza.

Niliona mawakili watatu. Wa kwanza alinisikiliza hadi nilipotaja neno "nilitia sahihi", akafunga kalamu yake. Hapo ndipo nilipoielewa hii theluthi. Wakili wa namna hii halipwi mpaka pesa ziingie, kwa hiyo kesi iliyokufa haitaki, hata umlilie. Wa tatu alikuwa mkweli zaidi: "Ungekuja kabla ya kubonyeza ningekuandikia ile notisi. Ni barua ya ukurasa mmoja." Ukurasa mmoja, kama barua ya kunikataa.

Kwa hiyo suala la theluthi unaliuliza kwa upande usio wenyewe. Kwa zile 30,000 peke yake, pengine kweli hazistahili kukatwa elfu kumi, na wakili muungwana atakwambia hivyo usoni. Mwambie: hizi tayari zimekubaliwa, zipunguzie asilimia au uziache kabisa, theluthi yako ichukue kwenye UIM utakayoipigania. Wengine hukubali. Usikubali kutajiwa asilimia kwa mdomo, mkataba wa aina hii lazima uandikwe na utie sahihi (hiyo sahihi inaruhusiwa!). Na uangalie jambo moja ambalo watu hulipita: gharama zinatolewa kabla ya theluthi au baada? Tuseme pesa ni 30,000, na rekodi za hospitali na ripoti ya daktari zimekula 3,000. Zikitolewa kwanza, theluthi ni 9,000 nawe unabaki na 18,000. Zikitolewa baadaye, theluthi ni 10,000 nawe unabaki na 17,000. Dola elfu moja kwa mstari mmoja wa mkataba. Uliza pia asilimia inapanda kiasi gani kesi ikifunguliwa mahakamani, kwa sababu kwa wengi hupanda hadi 40. Na nani atazungumza na bima ya afya ikija kudai ilichokulipia, maana itakuja.

Wale watakaokupigia simu bila wewe kuwatafuta, na yule wa gari la kuvuta aliyekupa kadi ya "wakili rafiki", kata simu. Mwulize mtu unayemjua aliyemaliza kesi yake salama. Shemeji yangu usimwulize.

Mlio Texas na Ohio msinirukie, najua sheria za kwenu zina sura nyingine na zile siku 30 ni za hapa. Ila hata huko fungueni mkataba wa bima zenu mtafute kile kifungu kinachokataza kumaliza madai na aliyekugonga bila idhini yao.

Dada, ukimaliza kusoma hapa nenda kwenye droo. Karatasi ya kwanza ya bima yako, ile yenye jedwali la viwango, tafuta UIM. Hapa jimboni haiwezi kukosekana, sheria inataka angalau 25,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo usiniambie huna. Kisha mjibu yule adjasta kwa imeili, si kwa simu: nimepokea, ninaitaarifu kampuni yangu, nitawajibu baada ya siku 30. Atakupigia na sauti yake ya asali. Mwache aongee.

Saa imefika, wazee wangu wananisubiri, na mmoja ana kilo mia na hili bega. Andika hapa namba uliyoikuta kwenye UIM, nitaangalia saa nane nikiwa mapumziko.