Kura za vijana na za wataalamu, tuzichanganye?

Swali: Habari daktari. Tuko Mwanza, tunapanga vipaumbele vya utafiti wa afya ya akili ya vijana wa miaka 14 hadi 24. Tuna mada 40 tulizozitoa kwenye machapisho, tunataka kuziweka kwenye fomu ya Google, vijana, walimu na madaktari wapige kura, zenye kura nyingi zinapita. Njia hii iko sawa?

Jibu: Habari ni nzuri, na nashukuru umeuliza kabla hamjaituma fomu.

Hizo mada 40 ndo zinanipa shida. Mmeshawaamulia, kijana anachagua kwenye vitu ambavyo watafiti walishavifikiria, na kinachomkosesha usingizi pengine hakimo. James Lind Alliance ya Uingereza, wapo kwenye kazi hii ya kupanga vipaumbele vya utafiti tangu 2004, wao wanaanza na dodoso la wazi, mtu anaandika anachotaka kijulikane kwa maneno yake, alafu maswali yanayofanana yanaunganishwa, yaliyokwisha jibiwa na utafiti yanatolewa, yaliyobaki yanapigiwa kura, mwisho wagonjwa, walezi na watoa huduma wanakaa meza moja wanabishana mpaka yabaki kumi.

Nimekaa kikao cha namna hiyo na wanafunzi wa sekondari. Sisi tulienda na neno sonona, wao wakawa wanasema kuwaza sana, na swali lililokuwa linarudi kila saa ni "nikimwambia mwalimu wa unasihi, nani mwingine atajua?" Hilo ni swali la utafiti kabisa, na kwenye makabrasha yetu halikuwepo!

Kura msizijumlishe kapu moja. Walimu na madaktari wakiwa 200 na vijana 30, vijana wamemezwa hata kabla hamjahesabu. Kila kundi lihesabiwe peke yake, mada ipate nafasi yake ndani ya kundi, ya kwanza, ya pili, alafu ndo mlinganishe, na pale vijana na madaktari wanapopishana sana msitafute wastani, hapo ndo pa kupeleka kwenye mjadala. Na fomu ya mtandaoni haimfikii binti wa kazi za ndani wala kijana anayeuza samaki mwaloni asiye na simu janja, hao mtawafuata kwa miguu.

Kama mfadhili anataka alama za namba kuna njia ya CHNRI, iliyoanzia kwenye utafiti wa afya na lishe ya watoto, wataalamu wanapima kila swali kwa vigezo kama je linajibika, litapunguza mzigo wa ugonjwa kiasi gani, litawafikia na wanyonge. Ni nzuri, ila vijana ndo waseme kigezo kipi kina uzito zaidi.

Chini ya miaka 18 mnahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Alafu jambo moja nakuomba sana, dodoso la wazi litaleta mtu anayeandika kwamba anataka kujiua, na kama fomu haina jina hamtampata. Kwa hiyo juu kabisa, kabla ya swali la kwanza, wekeni namba ya mnasihi aliyekubali kupokea simu, na mumpigie wenyewe usiku mmoja muone kama anapokea.