Miguu ya jukwaa la ujenzi inazama: je, niwekee tofali?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Najenga nyumba ya ghorofa moja Uyole, Mbeya. Tangu mvua zianze, miguu miwili ya jukwaa la mabomba, ile ya upande wa ukutani, imezama kama nchi mbili. Fundi anataka kuichomekea tofali tuendelee na plasta. Ni sawa?

Jibu: Hapana, ndugu. Kwanza shusheni watu na mizigo yote. Tofali la saruji likielemewa sehemu moja hupasuka ghafla, na mguu unashuka papo hapo. Mbao hubonyea taratibu, ukaona mapema.

Miguu hiyo imekaa juu ya udongo uliorudishiwa kando ya msingi. Udongo huo haujashikana kama ardhi isiyochimbwa, na huu wetu wa majivu ya volkano ukilowa hudidimia upesi. Hatari kubwa ni upande mmoja kushuka na mwingine kubaki: mzigo unahamia kwenye miguu michache na klampu zake, yaani vibano vinavyounganisha mabomba.

Piga hesabu. Bomba la milimita 48 lisilo na kitako linakalia sentimita za mraba 18 tu; kilo 1,000 zikipita hapo, kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 55. Bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15, unene milimita 6, linapunguza hadi kilo 4 na nusu hivi. Chini yake laza ubao wa nchi mbili kwa nane wenye urefu wa nusu mita, inabaki kilo 1.

Nusu mita inatosha ardhi ngumu. Kwako, ondoa tope, rudishia udongo mkavu ukishindilia kila tabaka la sentimita 15, kisha laza ubao wa mita 3 sambamba na ukuta, miguu miwili juu yake, ncha zikizidi nusu mita kila upande. Paini ya Mafinga inafaa, mradi haijapasuka wala kuoza. Ubao ugusane na udongo wote. Ukiwa na uwazi chini, utavunjika. Bamba lipigiliwe misumari lisiteleze. Penye mteremko, chonga ardhi iwe ngazi bapa, kabari hazifai.

Chimba mtaro wa kuelekeza maji mbali na mbao. Kisha pima nguzo kwa timazi, kagua klampu na vishikizo vya ukutani, ndipo watu wapande. Rudia ukaguzi kila baada ya mvua kubwa. Mguu ukizama tena, chimba hadi ardhi ngumu umwage zege. Na uliza lilipo karo (shimo la maji taka) la zamani kabla ya kuhamishia jukwaa upande wa pili.