Sindano za kupunguza uzito: nani atalipa?

Ujumbe mwingi mlionitumia kutoka Malindi na Lamu unauliza jambo moja: hizi sindano za kupunguza uzito, bima inalipa? Najibu maswali matano.

*Nafanya kazi hotelini Malindi na tuna bima ya kampuni. Daktari aliniandikia Ozempic, bima wakakataa. Kwa nini?*

Kaka, tazama kwanza fomu yako imeandikwa ugonjwa gani. Ozempic na Wegovy zina dawa ile ile, semaglutide, ila Ozempic imeidhinishwa kwa kisukari cha aina ya 2 na Wegovy kwa unene. Bima nyingi za binafsi hutaja matibabu ya kupunguza uzito miongoni mwa yale zisiyolipia. Fomu ikisema "unene" peke yake, jibu lao lilikuwa tayari kabla hujafika.

Kama una kisukari, mwombe daktari aandike hivyo, aambatanishe vipimo, aeleze pia kwamba ulitumia metformin, dawa ya kawaida ya kisukari, na sukari haikushuka. Omba kibali upya kabla ya kununua, maana ukinunua kwanza unaweza kukosa kurudishiwa pesa. Wakikataa tena, dai jibu la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba. Hilo ndilo utakalopeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima ukiona umeonewa. Lakini usimwombe daktari akuandikie kisukari usichokuwa nacho. Huo ni ulaghai, na uongo huo utabaki kwenye faili lako siku utakapougua kweli.

Hata wakikubali, uliza kiasi cha mwaka cha matibabu ya bila kulazwa ni kipi, na kama mnakitumia familia nzima. Nimeona mzazi akimaliza fungu lote kwa sindano zake, kisha mtoto akashikwa na homa na kadi haina kitu.

*Shikamoo daktari. Nauza mahamri na mbaazi Langoni, Lamu. Nalipa SHA, bima ya afya ya serikali. Nitapata sindano hizi?*

Marahaba, mwanangu. Usipange kuanza sindano hizi kwa kutegemea SHA. Itumie kwa lile inalolifanya vizuri: ukishajisajili, huduma za msingi kwenye zahanati na kituo cha afya ni bure. Nenda upimwe presha na sukari wiki hii. Mchango wako, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi na ambao wasio na mshahara hulipa wa mwaka mzima, ndio utakaokufaa ukilazwa. Usiuache ukatike kwa ajili ya sindano.

*Harusi yangu iko Shela baada ya miezi 2. Naweza kukopa kwa simu nianze sasa?*

Mwanangu, usikope. Wegovy huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki na hupandishwa kila baada ya wiki 4, hata kufikia 2.4. Miezi 2 ikiisha, bado uko kwenye dozi za chini. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, lakini kwa wiki 68. Walioacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka. Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima, usiangalie bei ya kalamu moja ya sindano.

Na kama mnatarajia mtoto mapema, semaglutide inatakiwa iachwe angalau miezi 2 kabla ya kushika mimba. Hilo muuzaji huenda asikwambie.

*Dada yangu yuko Marekani, anasema kuna kuponi za watengenezaji za kupunguziwa bei. Nitumie yake?*

Hapana. Kuponi hizo ni za wakazi wa huko. Nao pia wanahangaika: sheria ya mwaka 2003 iliizuia Medicare, bima ya wazee, kulipia dawa za kupunguza uzito peke yake.

*Mkomani kuna kijana anauza kalamu kwa nusu bei, anatangaza WhatsApp. Ni salama?*

Si salama, dada. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Mwulize ilikaa wapi ilipokuwa Mokowe ikingoja boti, na stima ilipopotea ilikuwaje. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia. Mwaka mmoja kabla, nchini Austria watu walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kujidunga Ozempic iliyoshukiwa kuwa bandia, na ilidhaniwa ndani mlikuwa na insulini, dawa ya kushusha sukari.

Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, uchukue risiti. Kama tayari umejidunga ya kijana huyo, na unatoka jasho, unatetemeka au kichwa kinazunguka, kunywa chai ya sukari nyingi mara moja, upelekwe hospitali, na kalamu uende nayo.