Dinosaria waliovunjwa kabla ya kuonekana

Ndugu, umeuliza kama kuna sanamu za dinosaria zilizoandaliwa zisiwahi kufika kwa watu. Zipo, na kisa chake kinaniuma kila nikikikumbuka. Benjamin Waterhouse Hawkins, mchongaji Mwingereza aliyetengeneza wale dinosaria wakubwa wa Crystal Palace, London (1854), alialikwa New York mwaka 1868 kutengeneza wengine wa makumbusho mapya ndani ya Central Park, bustani kubwa ya mji huo. Mwaka huohuo, kule Philadelphia, alisimamisha mifupa ya Hadrosaurus, dinosaria wa kwanza duniani kusimamishwa hivyo.

Mwishoni mwa 1870 mradi ukafutwa. Tarehe 3 Mei 1871 vibarua wakaingia karakanani na nyundo, wakavunja sanamu na kalibu zake. Hebu fikiria: kazi ya miaka, vumbi la plasta sakafuni!

Kwa muda mrefu lawama alibebeshwa mwanasiasa William Tweed. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wa 2023 ulipopekua kumbukumbu za wakati ule, ukaonyesha aliyetoa amri ni Henry Hilton, mweka hazina wa bustani. Mimi nauamini.