"Siipendi" si kasoro: ushauri kwa waonjaji wapya wa IPA

Wengi wanaoanza kujifunza kuonja IPA (India Pale Ale, bia inayojulikana kwa uchungu na harufu yake) hukaa mezani na swali moja tu kichwani: hii ni nzuri au mbaya? Meza ya uamuzi haiulizi hivyo. Inakuuliza umenusa nini, umeonja nini, na kama ulichokikuta kinastahili kuwemo katika bia ya namna hiyo. Mapenzi yako huja mwisho kabisa, na mara nyingi hakuna atakayeyauliza. Mimi si mpenzi wa zile IPA zenye ukungu, nzito, za rangi ya juisi ya chungwa, lakini nimezipa alama za juu pale zilipostahili. Zile kavu ninazozipenda nimezikata alama bila kuzionea haya. Ukishindwa kutenganisha "siipendi" na "ina kasoro", kazi hii itakushinda mapema.

Kwa hiyo kabla hujainua glasi, uliza bia hii inadai kuwa nini. IPA ni ukoo mkubwa. Ile ya Kiingereza ina mizizi katika bia ya rangi hafifu iliyosafirishwa kwenda India tangu mwishoni mwa karne ya 18, hasa kutoka kiwanda cha George Hodgson huko Bow, London. Katika miaka ya 1820 watengenezaji wa Burton upon Trent wakaingia katika biashara hiyo, na maji yao yenye salfeti nyingi yakaufanya uchungu wa hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, utoke mkavu na mkali. (Ile hadithi kwamba ilibuniwa kwa sababu hakuna bia nyingine iliyoweza kuvumilia safari, isikuteke. Porta, bia nyeusi ya Kiingereza, nayo ilikuwa ikipelekwa India na kunywewa huko.) Katika IPA ya Kiingereza utategemea udongo, maua, marmaledi ya chungwa na kimea chenye dalili ya biskuti. Ya Kimarekani ilishika njia nyingine baada ya hopi ya Cascade kutolewa kwa wakulima mwaka 1972: balungi, msonobari, utomvu. Kisha zikaja zile za ukungu, ambazo harufu yake ni embe, pasheni na pichi, na uchungu wake umepunguzwa makusudi. Mwamuzi anayeikata alama IPA ya ukungu kwa kuwa si angavu ameihukumu bia ambayo haikuletwa mezani.

Mwongozo unaotumiwa sana ni wa BJCP, mpango wa kuwatahini waamuzi wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Toleo la 2021 linaiwekea IPA ya Kimarekani kilevi cha asilimia 5.5 hadi 7.5 na uchungu wa IBU (kizio cha kupimia uchungu wa bia) 40 hadi 70. Usome, lakini usiukariri kama aya. Namba ya IBU hupatikana kwa kipimo cha maabara, ulimi hauijui. Bia mbili zenye IBU 60 zinaweza kuonekana mdomoni kama hazina undugu wowote, kwa sababu utamu uliobaki katika moja unaufunika uchungu, na ukavu wa nyingine unauacha wazi.

Karatasi yao ya alama ina jumla ya 50, na mgawanyo wake wenyewe ni somo: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 kwa jumla ya yote. Mwonekano una tatu tu. Tazama rangi, tazama kama povu linasimama na kuacha utando wake kwenye glasi, uendelee. Jambo moja tu la kuangalia hapo: viputo vikiganda ukutani mwa glasi, chini ya kiwango cha bia, glasi ni chafu. Badilisha kabla hujamlaumu mtengenezaji kwa povu lililokufa.

Harufu ndipo penye kazi. Inuse bia mara tu inapomiminwa, kabla ya kuinywa, maana mvuke mwepesi wa hopi huondoka haraka. Nusa kwa mivuto mifupi mifupi, pumzika, rudia, kisha andika. Andika kabla hujazungumza na jirani yako, kwani akishatamka "nanasi" mtakuta nanasi meza nzima. Usiridhike na "harufu ya matunda". Matunda gani? Balungi au chenza? Embe bivu au embe lililoanza kuoza? Kuna hopi ambazo, hasa zikichelewa kuvunwa, hutoa harufu ya vitunguu na kitunguu saumu, na pua isiyozoea huiita "viungo" ikapita.

Bia isiwe baridi mno. Ikitoka kwenye barafu moja kwa moja hutanusa kitu, na kasoro zitajificha humo humo. Nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi zinatosha. Ukihisi kuna kitu hukipati, ishike glasi kwa viganja viwili, izungushe, unuse tena ikishapata joto.

Ladha sasa. Mgeni huhesabu uchungu kana kwamba ndio ushujaa wa bia, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Uchungu na harufu ya hopi hutoka katika sehemu tofauti za kazi. Asidi za hopi hugeuka kuwa uchungu zinapochemshwa kwa muda mrefu. Mafuta yenye harufu hupotea na mvuke katika mchemko huo huo, ndiyo maana hopi za harufu hutiwa mwishoni mwa mchemko, au hulowekwa katika bia yenyewe wakati wa kuchacha au baadaye. Kwa hiyo bia inaweza kunukia hopi chumba kizima na bado iwe na uchungu wa upole. Pima hivi viwili kila kimoja peke yake. Kwenye uchungu, usiangalie ukubwa tu. Angalia unavyokwisha. Uchungu safi hupanda, hukaa kidogo, kisha hushuka na kukuachia hamu ya funda jingine. Uchungu mbaya hung'ang'ania nyuma ya ulimi.

Halafu kuna ukakasi, ambao wapya wengi huuandika chini ya uchungu. Huo hauonjwi, unahisiwa: mdomo unakauka na kukaza kama uliyeng'ata ndizi mbichi. Katika IPA mara nyingi hutokana na hopi nyingi zilizolowekwa, au maganda ya nafaka yaliyokamuliwa kupita kiasi. Uweke chini ya hisia ya mdomoni. Mtengenezaji atakayesoma karatasi yako hawezi kurekebisha kitu ukimwambia apunguze uchungu ilhali shida yake ni ukakasi.

Kasoro zipo nyingi, lakini katika IPA tatu zitakukuta mara kwa mara. Ya kwanza ni hewa. Oksijeni huiua hopi kimya kimya: kwanza harufu inafifia, kisha utamu wa asali unajitokeza, mwishowe unapata boksi lililolowa maji. IPA ya ukungu huonyesha hata kwa macho, manjano yake hugeuka kuwa ya kijivu au kahawia. Tafuta tarehe ya kufungashwa kabla ya kununua ya kujifunzia, na uihifadhi kwenye baridi. Ya pili ni mwanga. Asidi za uchungu zikipigwa na jua katika glasi au chupa isiyo na rangi, harufu ya kicheche hutokea ndani ya dakika chache tu, na chupa ya kijani haikingi vizuri pia. Ya tatu ni siagi, yaani daiasetili, na hii ina ujanja wake. Hopi zinazolowekwa huja na vimeng'enya vinavyovunja sukari iliyobaki, hamira inaamka upya na kuanza kuchachusha tena, na bia ikifungashwa kabla hamira haijamaliza kusafisha, harufu ya popkoni yenye siagi inaibuka ndani ya kopo. Ukiihisi kama utelezi kwenye ulimi kabla ya kuinusa, usishangae.

Hopi huchosha ulimi haraka kuliko bia za aina nyingine. Ukishaonja kadhaa, ya mwisho itaonekana laini isivyo haki. Panga kuanzia yenye uchungu mdogo, onja funda dogo, kunywa maji, tafuna biskuti isiyo na chumvi wala viungo, kisha rudi kwenye glasi ya kwanza uone kama bado unaisoma vilevile. Kwa kilevi cha asilimia saba, mafunda manne ya ziada yanaiharibu pua kabla hujajijua.

Ukitaka kujua kama kweli unatofautisha, mwombe mwenzako akumiminie glasi tatu usizojua, mbili za bia moja na ya tatu tofauti, uitaje iliyo peke yake. Rudia mara nyingi, kwani kwa kubahatisha tu utapatia mara moja katika kila tatu.

Mwisho ni maoni ya maandishi. "Nzuri sana, hongera" haina kazi kwa aliyetengeneza. Mwandikie ulichokikuta, mahali ulipokikuta, na chanzo unachokishuku kama una hakika nacho. Kama huna hakika na chanzo, ishia kwenye ulichokihisi. Yeye ndiye anayejua alichotia kwenye pipa.