Jibu: Seva nne tu, kuna haja ya Jenkins?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya Jenkins (programu ya kusambaza matoleo kwenye seva kiotomatiki) wakati mna seva nne tu, toleo jipya mnalinakili kwa mkono na kazi inaenda. Jenkins inaweza kusubiri. Kisichosubiri ni kuhakikisha seva zote zinaendesha toleo lilelile.

Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, walikuwa na seva nane. Tarehe 1 Agosti 2012 programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye saba, ya nane imerukwa, na hakuna mtu wa pili aliyekagua. Swichi ya kuwasha kipengele kipya ndiyo iliyokuwa zamani ikiwasha kipengele kingine, kilichoachwa kutumika tangu 2003 lakini hakijafutwa. Seva ile moja iliyorukwa ikawasha kile cha zamani na kuanza kumwaga oda za hisa sokoni. Katika kuhangaika, wakaondoa programu mpya kwenye zile saba zilizokuwa sawa, nazo zikabaki na ile ya zamani, tatizo likasambaa kote! Dakika 45, hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Anza na skripti ya bash, yaani faili la amri za Linux zinazotekelezwa kwa mfuatano. Kila toleo liwe na folda yake, na kiungo kimoja (symlink) kielekeze kwenye folda inayotumika; kurudi nyuma ni kugeuza kiungo na kuwasha upya programu. Mwishoni skripti iulize kila seva inaendesha komiti gani (commit, alama ya toleo la msimbo kwenye Git), ikikuta moja tofauti ipige kelele. Hifadhidata ndiyo haigeuzwi kirahisi hivyo: ongeza safu mpya (column) kwenye jedwali sasa, ile ya zamani ifutwe kwenye toleo la baadaye, ukishajua hutarudi nyuma.